Waonjaji Watatu wa Supu ya Mwanamvua

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa chungu motoni.

Chungu cha nani?

— Cha aliye ndani.

Na wa nje je?

— Wa nje wangoje.

Basi ngojeni. Atakayesinzia, mwenzake amfinye. Atakayejua mwisho kabla sijafika, autafune polepole asije akapaliwa.

Hapo kale paliondokea mtu katika kijiji cha wakulima wa mpunga, bondeni, pale mto unapojikunja. Jina lake Shamte. Alikuwa na mke, jina lake Zaina. Zaina akajifungua mtoto. Siku ya kumi na mbili Zaina akafa, na mtoto akamfuata.

Hilo nimelisema mara moja. Sitalirudia mpaka litakapohitajika.

Sasa sikilizeni kawaida ya bonde lile. Mwanamke akijifungua haitwi tena kwa jina, huitwa mzazi. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto. Hufungwa mkaja, ile nguo pana ya kubana tumbo. Hupikiwa supu ya kuku yenye pilipili manga na tangawizi, mpaka damu iliyomwagika irudi. Na kwa siku zote arobaini nyumba yake hutawaliwa na mkunga. Mkunga akisema laleni, watu hulala. Akisema tokeni, hutoka, hata awe jumbe mwenye kilemba.

Imebaki kawaida moja, na hiyo ndiyo iliyozaa hadithi hii. Supu ya mzazi haiingii ndani kabla ya kuonjwa. Mtu mzima wa upande wa mume huionja kwanza kibarazani, ijulikane kwamba haina kitu kibaya. Watu wana husuda, na mzazi hana nguvu za kupambana. Kawaida nzuri, au mbaya?

— Nzuri.

Ngojeni kwanza.

Zaina alipokufa, wazee walikaa matangani wakaulizana. Alikula nini? Supu. Nani aliionja? Bi Mgeni, shangazi yake Shamte. Bi Mgeni akaapa kwamba aliionja, na kweli aliionja. Basi wazee wakakata shauri: kuna sumu iliyompita mwonjaji. Mwonjaji mmoja hakutosha. Safari nyingine waonje watatu.

Wakanawa mikono, wakala ubwabwa wa matanga, wakaenda zao.

Miaka ikapita. Shamte akaoa tena. Mke wa pili aliitwa Mwanamvua, na alikuwa na mdomo. Sisemi mdomo wa matusi, nasema mdomo wa mzaha. Angeweza kumchekesha mtu aliyeng'atwa na siafu.

Mwanamvua akashika mimba, mimba ikakomaa, uchungu ukaja. Uchungu ukakaa siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu akajifungua mtoto wa kike mikononi mwa Bi Sikudhani, mkunga wa kijiji. Damu ilitoka nyingi. Bi Sikudhani aliizuia kwa mikono yake miwili na kwa dawa anazozijua, mpaka ikakatika. Kisha akamwinua mtoto amwone mama yake.

Mwanamvua akafungua jicho moja. "Kichwa hiki ni cha Shamte," akasema. "Nilikitambua kilipokuwa kinapita."

Bi Sikudhani akacheka mpaka akakaa chini. Mzazi anayetania, alisema moyoni, huyo atapona.

Akamkanda. Akamfunga mkaja. Akaenda kwake, akachinja kuku, akapika. Jua lilipokuwa utosini akaleta bakuli la kauri, kubwa, lenye ua jekundu lililochorwa ndani, chini kabisa. Akaliweka kibarazani mbele ya waonjaji, akaondoka. Kijijini kulikuwa na wajawazito wengine, na mikono yake ilikuwa miwili tu.

Waonjaji walikuwa watatu, kama wazee walivyoamua.

Wa kwanza alikuwa shangazi, Bi Mgeni. Akachukua kijiko, akaonja juu. Akafumba macho. Akaonja tena. Akatema mfupa, akasema, "Juu salama."

Wa pili alikuwa Ungando, kaka mkubwa wa Shamte, mtu wa kubishana hata na mwangwi. "Sumu haielei," akasema. "Sumu hukaa katikati." Akaonja katikati, palipokuwa na paja. Paja likaonjwa likaisha. "Katikati salama."

Wa tatu alikuwa Shamte mwenyewe. "Na chini je?" akasema. "Mwenye hila huitia chini." Akalishika bakuli kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa inatetemeka. Akanywa, akanywa, akanywa, mpaka akaliona lile ua jekundu. "Chini salama."

Supu ikaingizwa ndani kwa mzazi. Ilikuwa salama kabisa. Ilikuwa vijiko vitatu na shingo ya kuku.

Nawaona mnamcheka Shamte. Mcheni Mungu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bi Mgeni alionja kwa uchu, Ungando alionja kwa ubishi, Shamte alionja kwa hofu. Lakini tumbo la mzazi halijui supu yake imeliwa kwa sababu gani.

Ikawa hivyo siku ya pili. Juu salama, katikati salama, chini salama. Ikawa hivyo siku ya tatu. Juu?

— Salama.

Katikati?

— Salama.

Chini?

— Salama.

Ninyi mngekula, naona.

Siku ya saba Bi Sikudhani alikuja asubuhi kumkanda mzazi. Akamvuta ukope wa chini, akatazama. Ndani palikuwa peupe kama ganda la yai.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula, bibi."

"Unashiba?"

"Nashiba, bibi."

Siku ya nane akamshika nyayo. Zilikuwa baridi, na maji ya kukandia bado yalikuwa yanatoa mvuke. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akalia, akarudi, akaacha.

"Unakula?"

"Nakula, bibi."

"Unashiba?"

"Nashiba."

Siku ya tisa Mwanamvua alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Bi Sikudhani akamlaza. Akamtania ili ampime. "Mtoto huyu kichwa kimegeuka," akasema. "Sasa kimekuwa kama cha shemeji yako Ungando."

Mwanamvua hakucheka. Aligeukia ukutani.

Bi Sikudhani akabaki na kitambaa cha kukandia mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Ukope ule mweupe aliwahi kuuona. Nyayo zile aliwahi kuzishika. Aliziona na kuzishika katika nyumba hiyohiyo, na Zaina alifika siku ya kumi na mbili tu. Leo ilikuwa ya tisa.

Alikwenda wapi? Mnadhani alikwenda kwa mganga? Hakwenda. Kwa jumbe? Hakwenda. Alikwenda nyuma ya nyumba yake akachimba manjano.

Aliyatwanga. Akapika kuku wawili siku hiyo, katika vyungu viwili. Chungu kimoja akakipika kama siku zote. Kingine akakitia manjano, akaongeza manjano, akatia tena manjano, mpaka supu ikawa na rangi ya jua linalozama. Akalijaza bakuli la ua jekundu kwa supu ya manjano, akalipeleka kibarazani, akasema, "Leo nimetia kiungo cha kuongeza damu. Onjeni vizuri, jamani."

Wakaonja vizuri.

Bi Sikudhani hakwenda mbali. Alizunguka nyumba mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha akapiga hodi.

"Karibu, mkunga," akasema Bi Mgeni. "Umesahau nini?"

"Nimesahau kuwaamkia vizuri. Nipeni mikono."

Wakampa mikono. Akaitazama. Vidole vya Bi Mgeni vilikuwa vya manjano, na midomo yake pia. Ungando alikuwa na manjano ndevuni, kama mbuzi aliyelala kwenye unga wa mahindi. Shamte alikuwa na manjano viganja vyote viwili, tangu kwenye kucha hadi kwenye vifundo.

Bi Sikudhani akaingia ndani. Akamshika mzazi mkono. Manjano yalikuwa kwenye ncha ya kidole kimoja.

Akatoka tena kibarazani. Hakupaza sauti.

"Mimi nimekuwa mkunga tangu ninyi wawili hamjaota meno," akawaambia Shamte na Ungando. "Sijawahi kuona nyumba kama hii. Mzazi ndiye aliyeonja, na waonjaji ndio waliokula."

"Tumefuata kawaida," akasema Ungando.

"Na mimi nitafuata kawaida. Anayekula supu ya mzazi ni nani?"

Ungando akajipangusa ndevu. "Ni mzazi," akasema.

"Basi nimepika kwa ajili ya mzazi mmoja, kumbe nyumba ina wazazi wanne. Nileteeni mikaja mitatu."

"Mwenzangu," akasema Bi Mgeni, "mimi mara ya mwisho kuzaa ilikuwa mwaka wa nzige."

"Mwaka wa nzige umerudi, mwenzangu. Lala."

Kawaida ni kawaida. Mkunga akisema laleni, watu hulala. Bi Mgeni akalazwa chumba cha pembeni, Ungando na Shamte wakalazwa ukumbini. Wakafungwa mikaja, na mkono wa Bi Sikudhani si mkono wa mchezo. Ungando alipotaka kubishana, pumzi haikutosha kwa neno la pili. Yakaletwa maji ya moto. Wakakandwa tumbo, wakakandwa kiuno, wakakandwa mgongo.

"Ni ya moto," akasema Ungando.

"Ni ya mzazi," akasema Bi Sikudhani.

Kisha akaliosha bakuli la ua jekundu, akalijaza supu ya chungu kingine, ile aliyoipika kama siku zote. Akaliingiza ndani mwenyewe, akafunga mlango, akamwinua Mwanamvua akamwegemeza kifuani pake. Akampa ini kwanza. Akampa mchuzi. Akampa nyama, akiichambua kwa vidole. Hakumwuliza kama ameshiba. Alitazama ndani ya bakuli mpaka akaona ua.

"Kwa nini hukusema?" akamwuliza.

Mwanamvua akapangusa mdomo. "Ningesemaje, bibi? Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona mume wangu akionja huku mikono inatetemeka. Nikasema, huyu anaogopa kunizika. Nikimwambia kwamba ananiua, atakufa yeye kwanza."

Wazazi watatu wa nje nao wakaletewa supu jioni hiyohiyo. Lakini supu ya mzazi haiingii kabla ya nini?

— Kuonjwa.

Naam. Na waonjaji ni wangapi?

— Watatu.

Bi Sikudhani akawaita mama watatu wa jirani, wote waliowahi kuzaa katika bonde lile. Hawakuhitaji kufundishwa. Wa kwanza akaonja juu, akafumba macho, akasema juu salama. Wa pili akaonja katikati, akasema katikati salama. Wa tatu akaonja mpaka akaliona ua, akapangusa kidevu kwa upindo wa kanga, akasema chini salama.

Wazazi watatu wakapata shingo moja, wagawane.

Siku ya kwanza walikasirika. Siku ya pili walinyamaza. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Bi Mgeni akajikokota hadi ukumbini, akalitazama bakuli akasema, "Hii si supu. Haya ni maji ya kuoshea bakuli."

"Lakini ni salama," akasema Bi Sikudhani.

Hapo Shamte akajiinua kwa kiwiko. Mkaja ulikuwa umembana, akasema polepole.

"Bibi. Zaina alikuwa anapata kiasi gani?"

Bi Sikudhani alimtazama Bi Mgeni.

Bi Mgeni akatazama mkeka. "Nilikuwa namwachia shingo," akasema. "Shingo na mchuzi wake. Wallahi sikudhamiria ubaya. Mimi nilipozaa, wifi yangu aliniachia shingo. Mama yangu naye aliachiwa shingo. Nilidhani shingo ndiyo fungu la mzazi."

Kuku walisikika wakiparua uani.

"Miaka yote mmemtafuta aliyetia sumu," akasema Bi Sikudhani. "Mmewatazama majirani kwa jicho baya. Zaina hakulishwa sumu, mwanangu. Zaina hakulishwa." Akakaa chini mkekani, karibu nao. "Na mimi nimo. Nilimkanda, nilimfunga, nilimpikia. Nikaweka bakuli hapo kibarazani nikaenda zangu. Sikulifuata. Alipokufa nikasema, nimemaliza kazi yangu, iliyobaki ni ya Mungu. Kupika si kulisha."

Shamte alilala tena chali. Alitazama makuti ya paa. Aliyatazama kwa muda ambao sitaupima, maana si wangu.

Kisha akasema, "Nifungue, bibi. Nina kazi."

Bi Sikudhani akamfungua. Akamfungua Ungando. Akamfungua Bi Mgeni. Shamte akaenda kuteka maji, akarudi, akaenda tena, akarudi. Akapasua kuni. Ungando akakamata kuku, akabishana naye, akamchinja. Bi Mgeni akachuma mchicha na matembele, akavichambua jani kwa jani, na hakuna aliyemwona akipeleka hata jani moja mdomoni.

Na siku ya kumi na mbili ikafika.

Tangu jua linachomoza Shamte alikaa nje ya mlango wa mzazi. Hakuonja kitu. Ndani alisikia maji yakimiminwa. Alisikia kitambaa kikikamuliwa. Alisikia mtoto akianza kunyonya, akangoja asikie akiacha na kulia. Mtoto hakuacha. Alinyonya mpaka akakoroma.

Kisha akasikia sauti ya Mwanamvua. Ilikuwa nyembamba bado, lakini ilikuwa yake.

"Bibi, wale wazazi wenzangu wa nje wamejifungua nini?"

"Wamejifungua aibu, mwanangu."

"Mzima?"

"Mzima, ana afya."

"Basi wampe jina la shemeji. Naye ana kichwa kikubwa."

Ungando, aliyekuwa anapepea moto uani, alisikia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakubisha. Shamte alicheka. Alicheka, kisha akajifunika uso kwa mikono, na bado ilikuwa na rangi ya manjano.

Siku ya ishirini Mwanamvua alisimama akishika ukuta. Siku ya thelathini alitembea hadi dirishani, na ukope wake ulikuwa mwekundu kama ua la bakuli. Siku ya arobaini akavuka kizingiti kwa miguu yake mwenyewe, mtoto mgongoni, wanawake wakapiga vigelegele. Bi Sikudhani alikuwa wa mwisho kutoka. Aliufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango aliouacha wazi miaka mingi.

Mwaka uliofuata mke wa Ungando akajifungua. Mwanamvua ndiye aliyepika. Akaleta bakuli lilelile kibarazani, na Bi Mgeni alikuwa amekwishakaa pale akingoja.

Watu wakatazamana. Ungando akakohoa.

Bi Mgeni akatoa mkaja begani. Akajifunga tumbo, akabana, akabana tena mpaka macho yakamtoka. Akachovya ncha ya kidole cha mwisho. Akalamba.

"Salama," akasema.

Kisha akalibeba bakuli kwa mikono yake hadi ndani, akakaa kitandani kwa mzazi. Hakutoka mpaka mzazi alipoinamisha bakuli na kusema, "Shangazi, naliona ua."

Ndipo mzazi akalifudikiza bakuli kwa mkono wake, likatoka nje hivyo, mdomo chini. Shamte alikuwa amesimama uani. Alilipokea. Hakumpa mtu alioshe, alilipeleka mtoni akaliosha mwenyewe, na alikawia kidogo.

Tangu siku ile, bondeni kule, anayeonja supu ya mzazi hujifunga mkaja kwanza. Huonja kwa kidole cha mwisho. Na bakuli halitembei peke yake, lazima mtu alifuate hadi ndani. Ukipita ukaona bakuli limefudikizwa mlangoni, usiulize habari za mzazi. Aliye ndani ameliona ua.

Hadithi yangu naifunika hapa, naiacha juu ya mafiga. Ikiwa imekolea, mpelekeeni mzazi.

— Na ikiwa haikukolea?

Nirudishieni mimi niliyepika. Lakini msionje sana njiani.

— Juu salama.

Na katikati?

— Salama.

Na chini?

— Pana ua.